Madam wa Seva Mbili

Kila aliyewahi kufanya kazi naye ana kisa cha siku aliponyimwa ruhusa. Changu ni cha wiki yangu ya kwanza. Nilikuwa nimeajiriwa kutengeneza kurasa za tovuti katika kampuni ndogo mjini Kisii, orofa iliyo juu ya duka la vitambaa, na nilitaka kubadilisha picha moja tu kwenye ukurasa wa shule ya wasichana. Nikaenda mezani kwake, nikamwamkia, nikamwomba ruhusa ya kuandika kwenye seva.

"Kuandika wapi?" akauliza bila kuinua macho.

"Kwenye seva, Madam."

"Seva ni kubwa. Ni kama useme unataka kulala Kisii. Kwa nani?"

Nikataja folda. Akauliza nitaihitaji ruhusa hiyo mpaka lini. Nikamjibu kwamba kwa kuwa nimeajiriwa, labda siku zote. Hapo akavua miwani, akanitazama kwa huruma, vile unavyomtazama mgeni aliyepita sebule moja kwa moja akaenda kujilaza kitandani mwako.

"Leta hiyo picha," akasema. "Nitaiweka mimi. Ukiniletea picha mwezi mzima bila kukosea, tutazungumza."

Nikampelekea picha. Akaiangalia, akaniangalia, akaigeuza skrini yake nione vizuri. Ilikuwa picha ya shule nyingine, ya wavulana, wote wamejipanga mbele ya bweni lao wakicheka. Alirudisha miwani puani na kuendelea na kazi yake, nami nikarudi kwangu kuanza kuhesabu huo mwezi.

Mlangoni pake paliandikwa Msimamizi wa Mifumo, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Sisi tulimwita Madam. Wafanyabiashara Waislamu wa mjini, waliowafahamu jamaa zake, walimwita Bi. Akina mama wa sokoni waliopanda ngazi kuja kuulizia matangazo yao walimwita omong'ina, yaani bibi mzee, na yeye alijifanya kukasirika kwa sababu hakuwa mzee kiasi hicho. Kisha aliwajibu kwa Ekegusii safi, akaulizia watoto, akaulizia migomba, na kabla hawajashuka mtu alikuwa amemwachia mkungu wa ndizi kando ya mlango. Alivaa buibui na kukunja mikono yake mpaka kwenye viwiko kabla ya kugusa kibodi, kama mtu anayejiandaa kukanda unga. Kazi ikienda sawa alighani kaswida chini kwa chini. Tulijifunza kuisikiliza ile sauti kama watu wa bahari wanavyosikiliza upepo. Ikiendelea, tuliagiza chai. Ikikatika, tulifunga midomo na kungoja.

Yeye ndiye aliyenifundisha ruhusa ni kitu gani, na alinifundisha kwa kejeli. Kila faili, alisema, ina mwenyewe, ina kikundi cha jamaa za mwenyewe, na ina dunia nzima iliyobaki. Kila mmoja kati ya hao unaamua asome tu, au aandike, au aiendeshe kama programu. Kisha kuna ile programu inayowapelekea watu kurasa, ambayo nayo ina akaunti yake, na akaunti hiyo lazima iwe maskini kuliko zote. Isome kurasa, basi. Isiandike, isipokuwa kwenye folda moja ambamo wateja hupakia picha zao, na humo ndani isiruhusiwe kuendesha chochote.

"Huyo ni mhudumu wa hoteli," alisema. "Alete chakula mezani. Siku utakayomkuta jikoni anaongeza chumvi kwenye supu, jua ameingiliwa."

Niliuliza itakuwaje basi mtu akiwa na haraka, afungue kila kitu kwa kila mtu, halafu afunge baadaye.

"Baadaye ya nani?" akauliza.

Lakini mwanamke huyu aliyebania faili kama dhahabu alikuwa na nyumba isiyofungwa. Nilienda kwake mara nyingi, karibu na msikiti, na sikumbuki hata siku moja kugonga mlango, kwa sababu ulikuwa wazi. Jirani aliingia akachukua sufuria. Mtoto wa jirani aliingia akachukua mandazi. Mwanamume fulani, fundi wa viatu, aliingia, akakaa, akatazama habari kwenye televisheni mpaka mwisho, akaaga, akaondoka. Nilipouliza ni nani, Madam alisema hana uhakika. Simu yake nayo haikuwa na pasiwadi. Iliwekwa popote, ikachukuliwa na yeyote, na ilituma ujumbe wa kila aina kwa kila mtu: dawa za kitunguu, onyo kuhusu maembe yenye sumu, baraka za Ijumaa kwa Wakristo na baraka za Sabato kwa Waislamu. Nilimwambia siku moja kwamba mtu wa kazi yake hafai kuishi hivyo.

"Simu ni yangu," akasema. "Sufuria ni zangu. Nikitaka kuibiwa, ni haki yangu. Zile faili ni za nani?"

Kisha akanikaribisha chakula.

Seva zetu zilikuwa mbili. Moja ilikaa hapo hapo Kisii, kwenye chumba kidogo chenye feni nyuma ya ofisi, na nyingine Nyamira, kwenye chumba tulichokodi si mbali na ofisi za kaunti. Kila kilichowekwa Kisii kilinakiliwa Nyamira papo hapo, na zote mbili zilijulikana kwa wateja kwa anwani moja. Ya Kisii ikizimika, anwani ilihamia Nyamira yenyewe, na aliyekuwa anasoma ukurasa hakujua kilichotokea. Ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Madam aliziita wake wenza. Ya Kisii ilikuwa bi mkubwa, ya Nyamira bi mdogo. Mkurugenzi wetu, mzee wa kanisa mwenye suti ya kijivu na sauti ya upole, hakupenda utani huo, hasa mbele ya wageni, na nadhani ndiyo sababu Madam aliusema zaidi mbele ya wageni. "Nikimnunulia mmoja leso, mwenzake naye anapata," aliwaeleza. "Rangi ile ile, upana ule ule. Nikimpa huyu akaunti, na yule nampa. Nikimnyima huyu, na yule namnyima. La sivyo siku bi mkubwa akiugua, utapiga hodi kwa bi mdogo na utalala nje." Wageni walicheka. Mkurugenzi alikohoa na kuwaonyesha kalenda ya kampuni.

Zamu za kuziangalia zilijipanga zenyewe, kwa neema. Mimi ni Msabato. Jumamosi niko kanisani Nyanchwa, simu imezimwa. Mkurugenzi na wengine walikuwa na Jumapili yao. Madam alishuka kwenda msikitini Ijumaa mchana. Kwa hiyo Ijumaa nilikaa mimi, Jumamosi akakaa yeye, Jumapili tukagawana, na wiki nzima palikuwa na mtu macho. Aliniambia kwamba wakubwa wa kampuni kubwa hulipa washauri kuwapangia mambo kama hayo, na sisi tumepangiwa bure.

Sasa nieleze habari ya kitufe chekundu.

Mkurugenzi alikuwa mtu mwema. Kasoro yake ilikuwa moja: aliamini kwamba mwenye kampuni lazima awe na uwezo wote ndani ya seva, kama alivyo na ufunguo wa kila mlango wa jengo. Alimwomba Madam kwa upole. Madam alimkatalia kwa upole. Aliomba tena, kwa maandishi safari hii, na kwa kuwa ndiye aliyetia sahihi mishahara yetu, sote tulijua jibu litakuwa nini. Madam akakubali. Alifunga mlango wake wiki nzima, akaghani kaswida, na mwisho wake akamwita Mkurugenzi aje na kompyuta yake ya mkononi, akamwekea humo akaunti yake mpya.

Ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote tulichowahi kutengeneza. Ilikuwa na vipimo vilivyopanda na kushuka, ramani yenye taa mbili za kijani, moja juu ya Kisii na nyingine juu ya Nyamira, na vitufe vyenye maneno mazito: Thibitisha, Sawazisha, Idhinisha. Chini kabisa palikuwa na kitufe kikubwa chekundu kilichoandikwa Fungua Zote. Ukikibonyeza, kilizunguka kidogo kikifikiri, kisha kikajibu: Ombi lako limepokelewa.

Mkurugenzi alifurahi mno. Kila asubuhi kabla ya chai alifungua akaunti yake na kuthibitisha, kusawazisha na kuidhinisha. Ilinichukua muda kugundua kwamba hakuna hata kimoja kati ya vitufe hivyo kilichounganishwa na chochote. Nilimfuata Madam, nikamnong'oneza.

"Nimempa kila alichoomba," akasema. "Aliomba kuona. Anaona."

"Na kile chekundu?"

"Kile ni cha siku ya hasira."

Siku ya hasira ilikuja na mvua, kama mambo mengi huku. Mtu asiyeijua Kisii hajui radi zetu. Mchana ule mbingu ilikuwa nyeusi tangu saa ya chakula, na radi ikaanza kupiga vilima kimoja kimoja, ikitukaribia. Kisha ikapiga karibu nasi. Taa ziliruka, kitu kikalia nyuma ya ofisi, na harufu ya plastiki iliyoungua ikapita chini ya mlango wa kile chumba chenye feni. Bi mkubwa alikuwa amekufa.

Madam aliendelea kughani. Aliigeuza skrini ya kompyuta yake ndogo, iliyokuwa na betri, akatuonyesha: anwani imehamia Nyamira, Nyamira iko hai, taa ni ya kijani. "Bi mdogo ameshika," akasema, na mtu akaenda kuagiza chai.

Chai haikufika. Simu ya kwanza ilitoka shule ya wasichana. Ilikuwa siku ya kupakua barua za kujiunga na kidato cha kwanza, na wazazi, kila mmoja alipo, walikuwa wanafungua ukurasa na kukuta neno moja katikati ya weupe mtupu: Umekataliwa. Simu ya pili ilitoka kanisa fulani. Ya tatu ilitoka zahanati ya akina mama kule Nyamira, ambayo kumbukumbu za wagonjwa wake zilikuwa kwetu. Niliipokea mimi. Muuguzi alikuwa anaongea haraka. Walikuwa na mama ameletwa, mtoto amekaa vibaya, daktari anataka kumpasua, na mama mwenyewe alikuwa amesema kuna dawa iliyowahi kumletea matatizo lakini jina lake halijui. Iko kwenye faili, muuguzi alisema. Na faili haifunguki.

Kaswida ilikatika.

Madam alichukua simu kutoka mkononi mwangu. Lazima nieleze kwamba yeye, kwa cheo chake, aliweza kuingia kwenye mashine ya Nyamira na kusoma faili yoyote bila kupitia tovuti. Lakini kumbukumbu za zahanati hakuwahi kuzisoma hata mara moja, wala hakuruhusu mtu azisome. Alituambia siku zote kwamba kuweza kufungua na kuruhusiwa kufungua ni vitu viwili.

"Daktari yuko hapo?" akauliza. "Nipe."

Akaja daktari.

"Daktari, naweza kukusomea faili ya huyo mama kwa simu. Unaniruhusu?"

Daktari akasema ndiyo, bila shaka, upesi.

"Mwenyewe yuko macho? Muulizeni na yeye."

Nilidhani daktari atakata simu. Nilisikia minong'ono, kitu kikisogezwa, halafu pumzi nzito, na sauti ya mwanamke mwenye maumivu.

"Mama, mimi ndiye niliye na faili yako," Madam akamwambia kwa Ekegusii. "Niifungue nisome?"

"Soma, mama," sauti ikasema. "Soma haraka."

Akasoma. Alisoma pole pole, herufi kwa herufi lilipofika jina la dawa, akamfanya daktari alirudie. Kisha akaifunga faili, akaweka simu mezani, akaikunja upya mikono ya buibui.

Hapo ndipo Mkurugenzi alipopanda ngazi, suti imelowa mabegani. Alikuwa amepigiwa na mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, na mwenyekiti wa wazazi, na watu wengine ambao hakutaka kuwataja.

"Madam," akasema kwa ile sauti yake ya upole, "hii inasema watu wamekataliwa. Tatizo ni ruhusa. Wewe fungua zote."

"Nikifungua zote, mwenye simu yeyote atasoma faili za akina mama wa Nyamira."

"Ni kwa muda tu. Mvua ikiisha unafunga."

"Mvua ikiisha watakuwa wameshasoma."

Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba kampuni ni yake, aibu ni yake, na kama msimamizi hawezi kutii, basi pengine wakati umefika wa kutafuta msimamizi mwingine. Aliyasema mbele yetu sote. Madam alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageukia kompyuta yake na kuanza kuandika, mgongo wake umenyooka, na hakufungua chochote.

Mkurugenzi akamtazama kidogo, akaingia ofisini kwake. Mlango ulikuwa wazi. Tulimwona akifungua kompyuta yake, akiingiza pasiwadi yake kwa kidole kimoja, akishusha ukurasa mpaka chini kabisa. Akavuta pumzi. Akabonyeza.

"Nimefungua mwenyewe," akatangaza.

Ofisi nzima tuliangalia meza zetu.

"Nashukuru, Bwana Mkurugenzi," Madam akasema, bado anaandika. "Tuipe dakika chache ishike."

Alikuwa amekwisha kuona kitu. Aliniita kwa kidole nisogee. Aliiomba mashine ya Nyamira itaje wenye zile faili, na mahali ambapo jina la akaunti ya tovuti lilipaswa kuwa palikuwa na jina la programu nyingine kabisa, ile inayopima joto la mashine.

"Mashine hazijui majina," akaniambia kwa sauti ya chini. "Majina ni yetu sisi. Zenyewe zinajua namba. Huku Kisii tovuti ina namba yake. Faili zinaposafiri kwenda Nyamira, zinabeba ile namba. Zikifika kule, namba hiyo ni ya nani?"

"Ya kipima joto."

"Basi faili zote ni mali ya kipima joto, na tovuti imesimama nje inapiga hodi kwake yenyewe." Akavua miwani. "Na aliyezigawa zile namba ni nani?"

Hapo nikakumbuka. Diski ya Nyamira ilikuwa imeharibika miezi kadhaa nyuma, na Madam ndiye aliyeenda kuijenga upya ile mashine. Ilikuwa siku ya nikahi ya binti wa dada yake. Alitakiwa kuipa kila akaunti namba yake kwa mkono, sawa na za Kisii. Alikuwa na haraka, hina haijamkauka, akaiacha mashine ijichagulie. Kisha kila siku baada ya hapo aliiuliza kama iko hai, nayo ikajibu iko hai. Hakuiuliza kama inaweza kufanya kazi.

Alisimamisha huduma, akabadilisha namba, akamrudishia kila mwenye mali mali yake. Alikagua folda moja baada ya nyingine: wapi pa kusoma tu, wapi pa kuandika, wapi asiguse mtu. Alifanya hivyo huku simu zikilia kila meza na hakuharakisha hata kidogo. Alipoiwasha tena, ukurasa wa shule ya wasichana ulifunguka kwenye simu yangu, kisha wa kanisa, kisha muuguzi akapiga kusema kwamba kwake pia kumefunguka, na kwamba mtoto ni msichana.

Mkurugenzi alitoka ofisini kwake ameinua simu yake juu ili sote tuone.

"Mnaona?" akasema.

Tukasema tunaona.

Jumatatu, kwenye mkutano, Madam alisimama akaeleza kosa lilikuwa la nani. Alilieleza lote, pamoja na nikahi na hina, bila kujipunguzia. Mkurugenzi alimsamehe kwa moyo mkunjufu. Mtu aliyeokoa kampuni kwa kidole chake mwenyewe anaweza kusamehe. Yale ya kutafuta msimamizi mwingine hayakutajwa tena. Baadaye nilimuuliza Madam kwa nini hakusema habari ya kitufe.

"Nimekiri makosa yangu," akasema. "Kitufe hakikuwa kosa."

Alijihukumu mwenyewe kwa namna ambayo sijaisikia mahali pengine. Alijiondolea uwezo kwenye seva zote mbili. Akajiweka kwenye kikundi kimoja na sisi wengine, akanipa mimi kazi ya kuidhinisha, na kwa muda wa msimu mzima wa mvua Msimamizi wa Mifumo alikuja mezani kwangu na kikombe chake cha chai kuomba ruhusa. Nilimuuliza wapi, kufanya nini, mpaka lini. Alinijibu kwa adabu. Siku moja nilimkatalia, kwa sababu hakutaja folda. Aliondoka ananung'unika, na nilipochungulia nilimwona anacheka peke yake mpaka anajifuta macho.

Bi mkubwa alipotengenezwa, pia, Madam alianza tabia ya kumzima makusudi. Hakutoa taarifa. Tukiwa tunakunywa chai ya saa nne, aliingia kwenye chumba chenye feni na kuchomoa waya, halafu akatulia kuangalia kama Nyamira inashika kweli. Ilishika kila mara. Mkurugenzi aliruka kila mara.

Aliondoka kwetu bila sherehe. Kaka yake, aliyekuwa na duka la hadiwea kule Masimba, alifariki, na hapakuwa na mwingine wa kulishika. Alinikabidhi akaunti moja moja, huku ananihoji kama siku ya kwanza. Sikuonana naye tena mpaka juzi, nilipokuwa natoka safari nikashuka Masimba kumtafuta. Hakuna aliyehitaji kunielekeza. Duka ni lile lenye watu wamekaa nje bila kununua kitu.

Alikuwa kaunta, katikati ya misumari, rangi na mabati, amenenepa kidogo, miwani minene zaidi. Alifurahi kuniona. Alinikalisha juu ya mfuko wa saruji, akanimiminia chai. Kisha akaanza kulalamika, na nilimjua vya kutosha kujua kwamba malalamiko hayo yalikuwa na kitu ndani.

Binti yake mdogo, aliye Nairobi kwa kazi ya kompyuta, alikuwa amemwekea mashine ya kuuzia. Mbili, kwa kweli: moja chini ya kaunta na nyingine nyumbani, moja ikizima nyingine inashika. Na binti huyo, kwa kujua tabia ya mama yake ya kumpunguzia bei kila anayekuja na hadithi ya huzuni, alikuwa amempa ruhusa ya kuuza na kuona. Kubadilisha bei, hapana. Kufuta, hapana.

"Mimi," akasema. "Dukani kwangu."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Ameniuliza nataka kubadilisha wapi, na mpaka lini."

Nilikunywa chai yangu ili nisicheke. Aliangalia mlangoni, akaniinamia.

"Wewe unajua zile njia zote," akasema. "Jaribu."

Nikazunguka kaunta. Nilijaribu pasiwadi zile ambazo watu husahau kubadilisha. Nilitafuta faili ambayo mtu ameiacha wazi kwa kila mtu. Nilitafuta kazi ndogo inayojiendesha kwa uwezo mkubwa na ambayo ningeweza kuchomeka neno langu ndani yake. Nilijaribu kuiwasha mashine upya kwa diski niliyokuwa nayo mfukoni. Kila mahali palikuwa pamefungwa, na pamefungwa kwa utulivu, bila kelele, kazi ya mtu aliyekaa akafikiria nani atakuja.

Wakati huo aliingia mzee mmoja kununua misumari ya mabati, akaeleza jinsi upepo ulivyoezua jiko lake. Madam alisikiliza mpaka mwisho. "Mashine imekataa kupunguza, baba," akamwambia kwa masikitiko. Kisha akapima misumari, akaifunga kwenye gazeti, akainua mkono wake wa kushoto na kuongeza konzi nzima juu yake. Mzee akatoka anamwombea baraka.

Nikarudi kwenye mfuko wa saruji, nikakaa.

"Umeshindwa?" akauliza.

"Nimeshindwa, Madam."

"Kabisa?"

"Kabisa. Hata pa kuanzia sikupaona."

Aliniongezea chai bila kunitazama, na alikuwa anajitahidi sana kuuzuia mdomo wake. Simu yake ikalia juu ya kaunta. Aliangalia jina, akaipokea, na kwa kuwa sauti ilikuwa juu nilisikia kila neno.

"Mama, kuna mtu anajaribu kuingia kwenye mashine ya duka. Sasa hivi. Nimemwona kila alipogusa. Ni nani huyo?"

Madam akanitazama, miguu yangu imenyooshwa, kikombe mkononi.

"Ni mwizi," akasema. "Usiwe na wasiwasi. Nimempa chai."